Droo ya Februari 29

Maktaba ya gazeti, 2 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeketi mlangoni na ile miwani yako iliyofungwa uzi. Watu wengine wangepiga simu, lakini tangu masikio yako yagome, kuzungumza nawe kwa simu ni kuwatangazia majirani. Bora karatasi.

Kazi uliyoniachia ulipostaafu Agosti iliyopita naimudu. Kila asubuhi navuta droo ya siku ya kesho, nachagua kadi mbili tatu, naandika safu yetu ya "Siku Kama Hii": mwaka fulani daraja lilizinduliwa, mwaka fulani mto ulifurika, mwaka fulani mwanamke wa kwanza aliendesha treni. Watu wanaisoma wakinywa chai, na chai ikiisha wamekwisha sahau. Mimi nimeridhika.

Sasa nimekwama. Mhariri wetu, Bwana Saa Kumi, ambaye saa kumi jioni ikigonga anafunga ukurasa hata kama jengo linaungua, ameniita ofisini. Tarehe 17 mwezi huu inatimia miaka thelathini tangu boila la mvuke la kiwanda cha nguo lipasuke. Safari hii hataki mistari minne, anataka ukurasa mzima, picha, orodha ya watu kumi na mmoja waliokufa, na jina la fundi wa zamu kwa herufi kubwa. "Una mkono mzuri," akaniambia. "Nipe kitu kitakachowachoma watu."

Hajui kwamba fundi huyo ni baba yangu. Nani angemwambia? Mimi mwenyewe namjua kwa picha moja tu, ile ambayo mama aliikunja ili upande wake usionekane.

Nimetoa kadi. Mwandiko ni wako: "17 Juni. Boila la kiwanda cha nguo lapasuka saa mbili asubuhi. Kumi na mmoja wafa. Yadaiwa fundi wa zamu alilala." Naijua kwa moyo tangu utotoni. Lakini nilipoiinua dirishani niliona pembeni maandishi ya penseli yaliyofutwa kwa raba. Wewe ukiandika unakandamiza kama mtu anayechonga mhuri, Mjomba, kwa hiyo raba haikukusaidia. Yanasema: "Tazama 29 Feb."

Nitazame nini?

Mpwa wako,
Wino


Nyumbani, 4 Juni

Mwanangu Wino,

Marahaba. Dereva wa basi la asubuhi ameileta barua yako mwenyewe mpaka mlangoni, akasubiri nimshukuru kwa mkate. Safari nyingine mwambie nimehama.

Unauliza utazame nini Februari 29. Sukari. Umesahau? Droo ile hufunguliwa mara moja kila miaka minne, nami nisingeiacha ikae bure huku vijana wa michezo wakinimalizia sukari yangu. Lazima nilijiandikia mahali nilipoficha kopo. Uzee hauanzi magotini, unaanza kwenye kumbukumbu.

Kuhusu ukurasa, mpe Bwana Saa Kumi mistari minne yake ya kila mwaka. Mwambie kadi ndiyo hiyo na haina nyongeza. Kisha omba ruhusa tarehe 17, uje tukasafishe kaburi la mjomba wako mdogo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, kitinda mimba wetu, na mashine yake ya kufuma ilikuwa hatua kumi kutoka ukuta wa boila. Mimi ndiye niliyeitwa kumtambua. Nilimtambua kwa mkanda wa suruali, kwa sababu ulikuwa wangu.

Yule mtu yuko hai hadi leo. Wenzake hawapo. La kuandika ni hilo, na limekwisha andikwa.

Usisahau kula mchana. Nakujua, ukipata kazi ya kuchimba unasahau tumbo.

Mjomba wako


Maktaba ya gazeti, 7 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimeifungua droo ya Februari 29. Kopo la sukari limo, sisimizi wamo, na kadi za miaka mingine zimo. Sasa niambie, tangu lini mtu akaandika mahali pa sukari kwenye kadi ya watu kumi na mmoja waliokufa? Usinifanye mtoto.

Siku yangu ya kwanza hapa ulinifundisha kanuni, ukanifanya niirudie mara tatu: kila habari hukaa siku ilipotokea. Mtu akizaliwa Machi, kadi Machi. Akifa Oktoba, kadi nyingine Oktoba. Na sahihisho likitoka, nalo hukaa siku lilipotoka, si siku ya kosa. Niliiona kanuni safi kabisa. Tangu juzi imenikosesha raha. Anayevuta droo ya Juni atajuaje kwamba Februari kuna sahihisho linamsubiri?

Basi nikachukua daftari la kadi. Kila kadi iliyowahi kuandikwa ina namba yake humo, wewe ndiye uliyelianzisha. Chini ya Februari 29, mwaka uliofuata ule wa boila, kuna namba moja kwa mwandiko wako: "Tume ya boila, matokeo." Namba ipo. Kadi haimo droo hiyo wala nyingine. Nimepekua makabati yote sita mpaka kucha zimeniuma.

Kulikuwa na tume? Katika nyumba yako nimekaa tangu kuzaliwa na sijawahi kusikia neno hilo.

Bwana Saa Kumi amepata picha ya kiwanda bila paa. Ameibandika ukutani juu ya meza yangu. Nakaa nayo siku nzima.

Kadi iko wapi, Mjomba?

Wino


Nyumbani, 9 Juni

Wino,

Leo sina marahaba.

Unaniuliza kadi iko wapi kama askari anayemhoji mwizi wa kuku. Mwaka mmoja paa la maktaba lilivuja, kadi nyingi zikalowa na nyingine zikatupwa. Hilo ndilo jibu lako.

Nani alikung'oa jino la kwanza? Nani alilala sakafuni hospitali siku tisa ulipopata surua? Mama yako alikuja kwangu na mimba ya miezi saba, nguo zake amezifunga kwenye shuka, akasema, "Kaka, sirudi kule." Sikumuuliza hata swali moja. Niliwaachia chumba, nikalala sebuleni miaka kumi na minne, na jina la Wino nilikupa mimi, kwa sababu kila ukitoka ofisini kwangu vidole vilikuwa vyeusi. Leo wewe ndiye wa kunipekua.

Siku ya mazishi nilisimama mbele ya watu wote nikamwita yule mtu muuaji. Alikuwepo, amesimama nyuma kabisa, mkono umefungwa bandeji. Hakujibu kitu. Mtu asiye na hatia angejibu.

Kama unataka kuchimba, chimba. Ila usiniandikie tena barua za kunihoji. Niandikie kuhusu afya yako au usiniandikie.

Mjomba wako


10 Juni

Kwa Fundi wa vyerehani,
Duka la nyuzi na vifungo, karibu na stendi

Sijui nianze na salamu gani, ndiyo maana nimeanza na anwani. Nilikuta imeandikwa nyuma ya kadi yangu ya kliniki, katika vitu vya mama, alipofariki. Nimeitunza miaka tisa bila kuitumia.

Mimi ndiye yule mtoto. Nafanya kazi gazetini, na tarehe 17 natakiwa kuandika habari za boila, na jina lako juu ya ukurasa. Naambiwa kulikuwa na tume ya uchunguzi. Kama una karatasi yake yoyote, impe dereva wa basi, inifikie kabla ya tarehe 16 saa kumi jioni. Baada ya hapo hakuna ninachoweza kubadilisha.

Na nina swali moja ambalo si la gazeti. Ulilala?

Ukiamua kutonijibu nitaelewa, ingawa nitaumia.

Wino, wa maktaba ya gazeti


Maktaba ya gazeti, 14 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Afya yangu ni nzuri. Uliniambia niandike kuhusu afya, nimeandika.

Sasa ya pili. Nilimwandikia yule fundi. Ndiyo, nilikuwa na anwani yake, na ndiyo, sikukuambia. Siku ya nne leo, hajajibu. Kila basi likiingia nateremka ngazi kama mtu aliyeitiwa mgonjwa, na dereva ananitikisia kichwa kabla sijafungua mdomo.

Bwana Saa Kumi ameshaandika kichwa cha habari: "Alilala, Kumi na Mmoja Wakafa." Neno "yadaiwa" amelikata. Anasema miaka thelathini ni mingi mno kwa mtu kuendelea kudaiwa, na kama jambo hilo halikuwa kweli mwenyewe angekuja kulalamika. Nilimwambia inawezekana kuna matokeo ya tume. Akasema, "Niletee." Nikamwambia nina namba ya kadi kwenye daftari. Akacheka, wala si kwa ubaya, akasema hajawahi kuchapisha namba.

Ana haki. Sina kitu. Kwa hiyo keshokutwa nitakaa kwenye meza hii na kuandika kwamba baba yangu alilala kazini akaua watu, akiwemo mjomba wangu, na chini nitaweka jina langu. Kama ndiyo kweli, nitaibeba. Lakini kama wewe unajua kwamba si kweli, basi nitakuwa nimeandika uongo kwa mkono uliofundishwa na wewe, nami sitakusamehe. Nakuambia mapema ili usije ukasema hukujua.

Basi la asubuhi ya tarehe 16 ndilo la mwisho.

Wino


Nyumbani, 15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Ya leo, na ile niliyokunyima.

Kadi hii hapa, nimeifunga kwa uzi isije ikaanguka. Haikulowa. Niliichukua siku ninakabidhi funguo, kwa sababu nilijua Februari 29 ijayo itakuwa mikononi mwako. Imekaa kwenye kasha la miwani yangu ya zamani, na tangu Agosti sijalifungua kasha hilo. Isome: "29 Februari. Tume ya boila yatoa matokeo. Valvu ya usalama ilikuwa imekwama wiki tatu. Fundi wa zamu alitoa taarifa tatu kwa maandishi. Uongozi ulimwamuru aendelee. Hakulala. Hana hatia."

Nimeiandika mimi. Siku ile karatasi ya tume ilifika chumba cha habari jioni, na ukurasa wote ulikuwa wa kuapishwa kwa meya mpya. Mhariri wa wakati ule akaitupa kapuni. Mimi nikaiokota, maana kazi yangu ilikuwa kuokota, nikaandika kadi. Kwenye ile ya Juni nikaongeza kwa penseli "Tazama 29 Feb.", kisha nikaifuta. Nilikuwa nimeshamwita muuaji mbele ya maiti ya mdogo wangu, na watu wote waliitikia. Niliiangalia kanuni, na kanuni ikaniambia: sahihisho hukaa siku lilipotoka. Sikuvunja chochote. Niliiweka pale panapostahili, katika droo ambayo hakuna anayeifungua, nikaweka na kopo la sukari juu yake. Februari 29 zimepita saba tangu hapo. Zote saba safu niliipanga mimi, na kila mara nilichagua kadi nyingine.

Kuna baya zaidi. Machi ile alikuja nyumbani. Wewe ulikuwa na miezi saba, mama yako alikuwa anakuogesha ndani. Alisimama mlangoni na karatasi mkononi, akasema, "Shemeji, isome tu." Sikuipokea. Nilifunga mlango. Mama yako akauliza nani alikuwa anabisha, nikamwambia muuza mishumaa. Miaka mingi baadaye aliniuliza tena, polepole, kama tume ile iliwahi kusema kitu. Nikamwambia haikusema kitu. Amekufa akiwa na jibu hilo.

Nilikuwa namlilia mdogo wangu, na nilihitaji mtu wa kumchukia. Meneja wa kiwanda sikumjua hata sura. Huyu nilimjua, alikuwa amekula mezani kwangu. Hiyo ndiyo sababu yangu yote, na sasa nikiiandika naona ni ndogo.

Andika, mwanangu. Jina langu usilifiche.

Mjomba wako


Maktaba ya gazeti, 16 Juni, jioni

Mjomba,

Kadi ilifika saa nne. Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Saa kumi kasorobo nilimpelekea Bwana Saa Kumi kurasa mbili na kadi mbili. Alisoma amesimama. Akauliza nimezitoa wapi. Nikamwambia aliyeandika kadi ni mjomba wangu, na fundi ni baba yangu. Alikaa. Aliitazama saa ya ukutani, akamwambia mpangaji wa kurasa asubiri, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue ukurasa umefungwa saa kumi na nusu. Kichwa cha habari amekifuta kwa mkono wake.

Kesho utasoma hivi: "Siku kama hii, miaka thelathini iliyopita, boila la kiwanda cha nguo lilipasuka. Watu kumi na mmoja walikufa. Majina yao yapo hapa chini. Kila mwaka gazeti hili limeandika kwamba fundi wa zamu alilala. Hakulala. Tume ilisema hivyo miezi minane baadaye, na maktaba ya gazeti hili ilikuwa na maneno yake muda wote." Kisha nimeeleza kanuni ya kadi, na nani aliyeitumia na kwa nini. Sikukuficha, kama ulivyotaka. Mjomba wangu mdogo nimemweka wa kwanza kwenye orodha. Hiyo ni kwa ajili yako.

Nina hasira nawe. Leo mchana nilikununulia dawa ya macho kama kila mwezi, nikafika mlangoni mwa duka ndipo nikakumbuka kwamba nina hasira. Dereva atakuletea. Usimnyime mkate.

Tarehe 17 siji. Kaburi safisha mwenyewe.

Wino


Dukani, 19 Juni

Kwa Wino,

Salamu nyingi. Barua yako ilinifikia tarehe 12. Sikuifungua. Mwezi wa Juni mimi sifungui barua wala sisomi gazeti mpaka 17 ipite. Ni mazoea yangu, mwenye duka anayajua na haniulizi. Kwa hiyo ulipokuwa ukinisubiri, nilikuwa nimekuweka chini ya cherehani ninachokitengeneza. Nisamehe kwa hilo.

Juzi mwenye duka alibandika ukurasa wako kwenye kioo cha mbele, ukitazama barabarani. Wateja walisimama kusoma. Mama mmoja ambaye namtengenezea cherehani miaka kumi na moja alinishika mkono. Nilikwenda nyuma ya duka nikalia, na sioni haya kukuambia.

Kisha nikafungua barua yako, nikakuta swali lako. Sikulala. Lakini umeuliza vizuri kuliko tume, kwa hiyo nitakujibu zaidi ya walivyoniuliza.

Ukurasa wako unasema nilitoa taarifa tatu. Ni kweli. Tume iliniuliza ngapi, nikasema tatu, maana ndizo nilizompelekea meneja. Kulikuwa na ya nne. Ninayo, nakutumia. Isome kabla hujaendelea.

"17 Juni, saa mbili kasoro dakika kumi. Kwa Meneja. Geji imepita mstari mwekundu. Naomba ruhusa ya kuzima."

Niliiandika nimesimama mbele ya boila, Wino. Gurudumu la kuzima lilikuwa karibu na bega langu la kushoto. Mwezi mmoja kabla, mwenzangu wa zamu ya mchana alizima bila ruhusa, na jioni ile ile akamwaga unga, walimtupia nguo zake nje ya geti. Mama yako alikuwa na mimba yako. Tulikuwa tumeshanunua kitanda. Basi badala ya kunyoosha mkono, nikachukua kalamu. Niliandika vizuri, nikaweka na saa, nikaikunja, nikatoka mbio kuvuka uwanja kwenda ofisini. Nilikuwa katikati ya uwanja. Mlipuko ulinirusha, nikakutwa nimelala chini, ndipo wakasema nililala.

Shemeji aliponiita muuaji, sikuwa na la kumjibu. Na nilipopeleka karatasi ya tume mlangoni kwake akaifungia nje, nilirudi nyumbani nikiwa nimefadhaika na, Mungu anajua, nimepumzika pia kidogo. Nilijua kuna karatasi nyingine mfukoni ambayo nisingemwonyesha.

Wewe sasa ndiye mwenye makabati. Nimesoma ile kanuni yenu. Niambie karatasi hii inakaa droo ipi.

Fundi


Maktaba ya gazeti, 21 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo la juu mara tatu kwenye karatasi za kutupa kabla ya kuliandika hapa.

Karatasi yako imenifikia. Sijaipa namba. Nimekaa nayo siku nzima nikifikiria gurudumu lililo karibu na bega lako, na kitanda mlichokuwa mmenunua, ambacho kilikuwa changu. Nikikuambia haikuwa kosa lako nitakuwa natunga, na nikikuambia ilikuwa kosa lako, mimi nilikuwa upande wa pili wa mizani. Kwa hiyo leo sikuambii lolote kati ya hayo.

Mjomba ameandika. Ameuliza kama anaweza kuja kukuona, na kama utamfungulia mlango. Jibu hilo ni lako, mimi sitakushauri.

Mimi nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Usiache kazi kwa ajili yangu, nitakaa pembeni ya cherehani mpaka umalize. Karatasi nitakuja nayo, utanisomea mwenyewe. Nimeisoma mara nyingi sana tangu jana, na kila nikiisoma nakwama mahali pale pale, penye "Naomba ruhusa", kwa sababu sijawahi kuisikia sauti yako.

Binti yako